Mke Asiyekuwako

Siku ya tisini na moja ya eda yake, Mwanaesha binti Muhdhar alivaa buibui, akautia kufuli mlango wa nyumba yake ya Kibokoni, akatoka mchana kweupe. Mwenye duka la viungo alimuona akaacha kupima bizari. Wanawake wawili walioegemea dirisha la juu wakaitana. Mke aliyefiwa na mumewe hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatii wanja, hajifukizi udi, hatoki ila kwa dharura, na mtaa mzima ulijua kwamba hesabu ya Mwanaesha haijatimia. Alipita katikati yao bila kumsalimu mtu. Nyuma yake alikuja nyanyangu Mwanatumu, mnene, mwenye miguu mibaya, akimkimbilia na kumwambia, "Pole pole, mwenzangu. Korti haina miguu."

Nyanyangu ndiye aliyenisimulia haya, kwa kuwa nyumba zao zilishirikiana ukuta. Mengine niliyapata kwa Mwanaesha mwenyewe, na hakuwahi kuyasimulia bila ya kupiga kitu: meza, sinia, goti lake. Ilikuwa mwaka wa 1966.

Mumewe, Zein, alikuwa akijalidi vitabu. Kazi yake ilikuwa kushona misahafu iliyofumuka na kuitia majalada mapya ya ngozi, katika kichumba karibu na msikiti. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayeweza kushinda siku nzima na gundi na uzi bila kuulizwa kitu na asione upungufu. Mwanaesha alikuwa mpishi wa mikate ya mofa. Chumba cha chini cha nyumba yao ya mawe kilikuwa na tanuri la udongo alilolijenga kwa mikono yake, na kila alfajiri aliingiza mkono ndani ya joto lile akibandika madonge ya unga wa mtama kwenye kuta zake. Mkono wake wa kulia ulikuwa na makovu hadi kiwikoni. Wateja walisimama mlangoni na vikapu, na yeye huku akibandua mikate aliwagombeza: huyu amechelewa, yule jana alichukua mkate akaufinya mbele ya watu.

Waliishi pamoja miaka ishirini na sita. Hawakujaaliwa mtoto. Watu walimshauri Zein aoe mke wa pili, na jibu lake lilikuwa lile lile: "Huyu mmoja sijammaliza."

Alikufa siku ya Jumanne baada ya sala ya alasiri, ameketi kazini, sindano i mkononi na msahafu wa mtu umefunguka mapajani pake. Walimzika siku ile ile.

Zein alikuwa na ndugu mmoja tu, baba mmoja mama mmoja, akiitwa Jamaldin. Huyu alikuwa msimamizi wa ghala huko Mbaraki, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi vile vile. Siku ya tatu ya matanga, baada ya hitima, alikuja akasimama nyuma ya pazia la chumba walichokaa wanawake, akabisha hodi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Shemegi, Mungu akupe subira. Eda ni haki ya ndugu yangu juu yako, na mimi sitaki kusikia mtu akisema mke wa Zein ameonekana njiani. Usitoke. Mambo ya serikali na ya korti niachie mimi. Nipe tu karatasi zake nikazishughulikie."

Wanawake waliitikia kwa pamoja kwamba huyo ndiye ndugu. Mwanaesha, mato yamemvimba kwa kulia, alimwambia Mwanatumu avute sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na hati ya nyumba, cheti cha ndoa yao, na barua mbili tatu. Sanduku likapitishwa chini ya pazia. Mkono wa Jamaldin ukalipokea.

Tangu hapo kila Ijumaa alituma mchele na sukari. Akipita kuuliza hali, husimama pale pale nyuma ya pazia, hukohoa, huuliza kama shemegi yake anahitaji chochote. Mwanaesha akiuliza habari za korti, jibu lilikuwa, "Zinakwenda. Hayo mambo yana taratibu zake." Naye Mwanaesha alimuombea dua. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote baadaye, kwamba alimuombea dua.

Aliyefungua mambo ni Loise. Mume wa Loise, Nicodemus, Mtaita, alikuwa karani wa kutunza mafaili kortini, na kila asubuhi akienda kazini alinunua mikate miwili ya mofa dirishani kwa Mwanaesha mpaka siku tanuri lilipozimwa kwa msiba. Yeye mwenyewe asingeweza kuingia kwa mwanamke aliye edani, basi akamtuma mkewe. Loise alikuja Jumapili mchana, ametoka kanisani, kitambaa cheupe kichwani, akavua viatu mlangoni kama alivyoona wengine wakifanya.

"Makiwa, Mama."

"Tunayo, mwanangu. Karibu kitako."

Loise alikaa ukingoni mwa mkeka. Nyanyangu alikuwapo, akimenya viazi. Yule mgeni alizungusha maneno, akauliza habari ya afya, akauliza habari ya joto, na mwisho akasema, "Mama, nisamehe nikuulize. Wewe na marehemu mlikuwa mmeachana?"

Kisu cha nyanyangu kikasimama.

"Nani kasema?" akauliza Mwanaesha.

"Hakuna aliyesema. Nicodemus amesoma tangazo kwenye ubao wa korti. Amelisoma mara mbili, alifikiri ni Zein mwingine. Linasema marehemu Zein wa Kibokoni, mjalidi wa misahafu, hakuacha mke wala mtoto. Mrithi wake ni ndugu yake peke yake. Mwenye pingamizi afike kortini kabla ya tarehe ishirini na nane."

"Rudia."

Loise akarudia.

"Rudia tena. Hapo pa mke."

"Hakuacha mke wala mtoto."

Mwanaesha aliuliza leo tarehe ngapi. Akaambiwa ishirini na nne. Akatamka neno ambalo nyanyangu, mpaka anakufa, hakukubali kunitajia. Baadaye akainuka akaenda jikoni, akauchukua mfuko wa mchele wa Ijumaa iliyopita, mchele mzuri wa Jamaldin, akaumwaga wote uani kwa kuku wa jirani.

"Weye mwendawazimu!" nyanyangu akapiga kelele. "Mchele una kosa gani?"

"Umetoka mkononi mwake."

Nyanyangu hakuwa mwoga, lakini alikuwa mtu wa kujali maneno ya watu. Alimwambia mwenziwe asubiri, atumwe mtu akazungumze na Jamaldin, pengine ni makosa ya karani. Mwanaesha akamjibu kwamba karani hawezi kukosea mke mzima. Jioni ile babu yangu alikwenda kumuuliza mwalimu wa madrasa, naye akasema mwenye eda ana ruhusa kutoka mchana kwa haja yake, mradi arudi kwake kabla ya kuchwa. Ndiyo maana asubuhi ya Jumatatu mtaa ulimuona akienda, na nyanyangu nyuma yake akihema.

Kortini waliambiwa waketi kwenye benchi. Wakaketi. Palikuwa na watu wengi, na feni ya dari ilikuwa ikizunguka bila ya kuleta upepo. Zamu yake ilipofika, karani mmoja kijana, si Nicodemus, alivuta faili, akaifungua, akachovya kalamu.

"Jina?"

"Mwanaesha binti Muhdhar."

"Una uhusiano gani na marehemu?"

"Mke."

Yule kijana alipitisha kidole kwenye karatasi. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa akisoma kilichoandikwa. "Mama, hapa inaonyesha marehemu hana mke."

"Nimesikia. Ndiyo maana nimekuja."

"Sasa nikuandike nani?"

Mwanaesha alisogea mpaka kifua chake kikagusa meza. "Andika hivi. Andika mke asiyekuwako amekuja."

Watu kwenye benchi waligeuka. Karani alitaka kucheka, kisha akamtazama usoni akaacha. Wakati huo Nicodemus alitokea chumba cha nyuma na mafaili kifuani. Alisimama, akamwamkia, "Shikamoo, Mama," akamwambia mwenzake kwa upole kwamba kuna fomu ya pingamizi, na mama akishaiwekea dole, shauri litapangiwa siku mbele ya kadhi na ndugu wa marehemu ataitwa ajieleze. Mwanaesha alikataa kutia dole. Alijua kuandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, Zein alimfunza, na aliliandika pole pole, kubwa, likavuka mstari.

Wakatoka. Ngazini nyanyangu alimuuliza kama sasa moyo umepoa. "Haujaanza," akasema.

Habari ilifika Mbaraki kabla yao kufika Kibokoni. Alasiri Jamaldin alikuja, akasimama pale pale nyuma ya pazia, akakohoa kile kikohozi chake.

"Shemegi, umetuaibisha. Umetoka na eda yako, umekwenda kukaa benchi moja na wanaume."

"Umeandika kortini kwamba Zein hakuwa na mke."

"Nimeandika niliyoyajua."

"Umejua nini, Jamaldin? Harusini kwangu ni weye uliyebeba sanduku la nguo. Umekula mikate yangu miaka ishirini na sita."

Jamaldin akatoa alilokuwa nalo, kwa sauti ya mtu anayempa pole mgonjwa. "Mimi sikutaka ulijue hili. Ndugu yangu alikuacha mwaka juzi. Alitamka mbele ya mashahidi. Hakukwambia kwa kukuonea huruma, usije ukakosa pa kwenda. Mimi nilitaka likae lizikwe naye. Sasa weye ndiwe unayelifukua."

Nyanyangu alisema kwamba hapo alitazamia kelele. Mwanaesha alikuwa mgombezi, mtaa mzima ukimjua. Lakini safari hii alikaa ameushika mkeka kwa mikono miwili kama mtu aliye ndani ya chombo kinachoyumba. Akasema kwa sauti ndogo.

"Jamaldin. Wajua ulilolisema? Mwaka juzi na mwaka jana na mwaka huu nimelala kitanda kimoja na Zein. Wasema nimelala na mwanamume asiye mume wangu. Wasema Zein, aliyekuwa hagusi uzi wa msahafu mpaka atie udhu, alikuwa akizini ndani ya nyumba yake. Wamtia ndugu yako uchafu huo, na yuko kaburini hawezi kukujibu, kwa sababu ya nyumba?"

"Sikusema hivyo."

"Hakuna njia nyingine ya kulisema. Toka. Na mchele wako usirudi."

Alitoka. Na huyo Jamaldin, nataka ieleweke, hakuwa maskini wala hakunyimwa. Mtu akifa bila mtoto, mkewe ana robo ya mali yake, basi. Kilichobaki chote ni cha ndugu. Robo tatu za nyumba ile zilikuwa zake kwa sheria ya Mwenyezi Mungu, bila kutoa jasho, bila kusema uwongo. Angekuja akasema, "Shemegi, tugawane," angepewa robo tatu na juu yake chai. Lakini alikuwa ameshakubaliana na mfanyabiashara mmoja aliyetaka nyumba nzima, chini mpaka juu, aifanye bohari, na yule mtu hakutaka nyumba yenye mwanamke na tanuri ndani yake.

Shauri lilisikizwa baada ya wiki mbili. Kadhi aliyekaa siku ile alikuwa mtu mzima wa sauti ndogo, na kwa udogo wa sauti yake ilibidi watu wote wanyamaze. Jamaldin alikuja na shahidi mmoja, Chonga, fundi wa kuziba mashua kule Liwatoni. Chonga hakuwa mtu mbaya. Mbao zake zote na lami yake zilipitia ghala la Jamaldin, ndivyo ilivyokuwa. Siku ile alivaa kanzu ya kuazima iliyomfikia chini ya magoti, na mikono yake myeusi kwa lami hakujua pa kuiweka.

"Jamaldin, wadai marehemu alimwacha mkewe," kadhi akasema. "Lini?"

"Mwaka juzi, Sheikh. Mwezi wa Rajabu."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yangu, na huyu Chonga, na mtu wa tatu ambaye sasa yuko Mogadisho."

"Mogadisho." Kadhi aliandika. "Wewe mwanamke, una la kusema?"

Mwanaesha alisimama.

"Sheikh, nina swali moja kwake, ukiniruhusu."

"Uliza."

"Jamaldin, siku ya tatu ya matanga ulikuja nyumbani, ukasimama nyuma ya pazia. Ulisema nini?"

"Ilikuwa siku ya msiba. Mtu husema mengi."

"Nakuuliza neno moja. Ulinikataza nini?"

Jamaldin alimtazama kadhi. Kadhi alikuwa akimtazama yeye. "Nilimwambia... nilimwambia asitoke."

"Kwa nini nisitoke?"

"Kwa sababu ya..." Akaacha.

"Kwa sababu ya eda!" Hiyo ilikuwa sauti ya nyanyangu, ambaye hakuitwa na wala hakuulizwa. Alikuwa ameshasimama. "Mimi nilikuwapo, na wanawake arobaini walikuwapo. Alisema eda ni haki ya ndugu yake!"

Kadhi alimuashiria akae, lakini aliandika.

Mwanaesha hakumgeukia mwenziwe. "Mwanamke aliyeachwa mwaka juzi hakai eda ya kufiwa, Sheikh. Huyu mtu alinifungia ndani miezi mitatu kwa eda ya ndugu yake, nisitoke, nisione ubao wa korti, nisisikie. Akachukua cheti changu cha ndoa kwa mkono wake. Naye huku nje akaandika mimi si mke. Namuuliza mbele yako: ulinikalisha eda ya nani, Jamaldin? Kama sina mume, nilikuwa nikimlilia nani mle ndani?"

Jamaldin alifuta paji la uso. Alisema alitaka kumsitiri tu, watu wasijue ameachwa.

"Kumsitiri," kadhi akarudia. "Basi ulijua kwamba ndugu yako anakaa na mwanamke asiye halali yake, miaka miwili, nawe waingia, waketi, ukila chakula chao. Ulimnasihi ndugu yako hata siku moja?"

Jamaldin akageuka kumtazama shahidi wake.

"Na wewe, Chonga. Ulisikia talaka kwa masikio yako?"

"Nilisikia, Sheikh."

"Alitamka maneno gani?"

"Alisema... amemwacha."

"Ulimwambia mtu? Mkewe? Imamu? Jirani?"

"La, Sheikh."

Kadhi aliamuru uletwe msahafu. Tarishi akauleta, umefungwa kitambaa cha kijani, akaufungua mezani. Ulikuwa msahafu wa zamani wenye jalada jipya la ngozi. Kama Zein ndiye aliyeushona sijui. Nyanyangu alishikilia kwamba ni yeye, Mwanaesha alisema si mshono wake. Kadhi akamwambia Chonga atawadhe, aje aweke mkono, aape kwamba alisikia.

Chonga aliitazama mikono yake ile ya lami. Akaitazama sana. Kisha akasema, "Sheikh, mimi nina watoto."

"Sikukuuliza watoto."

"Ndiyo, Sheikh. Lakini mimi nina watoto. Siwezi." Akapiga hatua mbili nyuma kama mtu aliyeona nyoka. "Mimi niliambiwa tu nije niseme. Nisameheni."

Hukumu haikuchukua muda. Talaka haikuthibiti. Mwanaesha ni mke wa marehemu na ana robo yake. Ndugu ana kilichobaki. Kadhi alimwambia Jamaldin, kwa sauti ile ile ndogo, kwamba Mwenyezi Mungu alimpa robo tatu bure, naye akaenda kuitafuta ile ya nne kwa uwongo juu ya maiti. Kisha akafunga faili, akaitisha shauri lingine, watu wawili wanaogombania kisima.

Nyanyangu alitoka akipiga vigelegele vya chini chini. Mwanaesha alitoka amekunja uso. Pale barazani aliwaona wanaume watatu wa mtaani wakimpa mkono Jamaldin na kumwambia ndiyo mambo ya dunia, na Jamaldin akitikisa kichwa kwa unyenyekevu, kama yeye ndiye aliyepatwa na jambo. Hakuna aliyegeuza uso. Hakuna aliyeona haya kwa niaba yake. "Nimeshinda nini?" akamuuliza nyanyangu. "Nimekuya hapa kuthibitisha kwamba sikuwa malaya wa mume wangu. Nimepewa karatasi ya kwamba sikuwa. Nishukuru?"

Alirudi akamaliza siku za eda zilizobaki, zote, hakupunguza hata moja.

Ulipofika wakati wa kugawa, wazee walimshauri achukue fedha, nyumba iuzwe, kila mtu ashike lake. Alikataa. Alisema robo yake anaitaka kwa mawe. Wakaja wapimaji waliotumwa na korti, wakapima vyumba na ngazi na uwanja, na ikaonekana chumba cha chini cha tanuri pamoja na ua wa nyuma vinakaribia robo. Akapewa hivyo. Yule mfanyabiashara aliposikia kwamba sehemu ya chini haimo, alijitoa. Bohari ya juu ya ngazi nyembamba haikumfaa. Mwishowe Jamaldin akahamia yeye mwenyewe huko juu na watu wake.

Wakaishi hivyo, yeye juu, Mwanaesha chini, mlango mmoja wa mbele. Mke wa Jamaldin alikuwa mwanamke mpole na hakuwa na hatia, na Mwanaesha alimpa mkate kila siku bila kumwomba kitu. Lakini siku Jamaldin alipokuwa na wageni wa heshima, mtu wa ghala au mtu wa siasa, moto wa tanuri ulikokwa kwa makumbi mabichi ya nazi. Moshi ulipanda ngazi ile nyembamba mpaka sebuleni. Wageni walitoka wakipangusa mato. Nyanyangu alimgombeza kwa hilo, akamwambia si uungwana. "Sikudai uungwana," akasema Mwanaesha. "Nilidai robo, na moshi ni wa robo yangu."

Cheti chake cha ndoa hakikurudi. Jamaldin alisema kimepotea katika kuhama. Nicodemus ndiye aliyemsaidia kupata nakala, na siku ya kwenda kuichukua Mwanaesha aliomba aone na ile faili ya mirathi. Akamuomba Nicodemus amsomee mle. Yale maneno yalikuwamo bado: kwamba marehemu alimwacha mkewe mwezi wa Rajabu mbele ya mashahidi. Nicodemus alimueleza kwamba hayo ni maelezo ya mdai, na hukumu chini yake imeyakataa.

"Lakini yamo," akasema.

"Yamo, Mama. Kilichoingia kwenye faili hakitolewi."

Aliondoka na hilo, na nadhani hilo ndilo lililokaa ndani yake kuliko nyumba. Kwamba mahali fulani katika kabati la serikali, Zein wake ameandikwa hivyo kwa wino.

Mwaka wa 1968 Jamaldin alipata nafasi katika meli ya mahujaji. Mtu akienda kuhiji huzunguka kwa jamaa na majirani kuomba radhi, asije akasimama mbele ya Nyumba ya Mungu na haki za watu mgongoni. Alizunguka Kibokoni yote. Siku ya mwisho alishuka ngazi, akasimama kwenye mlango wa chumba cha tanuri. Safari hii hapakuwa na pazia. Nyanyangu alikuwa amekuja kuchukua mikate.

"Shemegi," akasema, "mimi ni msafiri. Nimekuja kukutaka radhi."

Mwanaesha alimaliza kubandika donge alilokuwa nalo, akautoa mkono.

"Mimi ulinitaka robo tu. Robo nimeipata. Kwangu ni jambo dogo. Aliyekosewa ni Zein."

"Zein hayupo."

"Hayupo. Lakini maneno yako juu yake yapo, yako kortini. Nenda leo, meli ni kesho kutwa. Nenda kwa karani, mwambie aandike kwa jina lako: nilisema uwongo, ndugu yangu hakumwacha mkewe. Uandike na tarehe. Ukirudi na risiti ya maneno hayo nitakupa radhi yangu na ya Zein, na nitakufungia mikate ya safari."

"Shemegi, hilo lilishakwisha. Hukumu ilitolewa."

"Hukumu aliitoa kadhi. Mimi nataka yako."

Moshi ulimfanya Jamaldin apepese mato. Nyanyangu aliapa kwamba kwa nukta moja alidhani atakubali, kwa namna alivyoinua mguu kuelekea mlango wa nje. Kisha akasema kwamba Mungu ni mwingi wa kusamehe, akapanda ngazi.

Akaenda. Akahiji. Akarudi na tasbihi na maji ya zamzam, mtaa ukampokea kwa dufu, na tangu siku ile watu wakamwita Haji. Maji ya zamzam aliyapeleka kila nyumba. Kopo la Mwanaesha lilirudishwa juu likiwa limejaa. Watu walimlaumu kwa hilo, wakasema moyo wake ni mgumu, mpaka mwalimu wa madrasa alikuja kumnasihi. Mwanaesha alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akampa mikate minne, akamuuliza korti hufungwa saa ngapi siku ya Ijumaa, ili akamwambie Haji asije akachelewa.